Nani Anastahili Jezi? Umaarufu na Haki Katika Kuchagua Wachezaji

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Ni habari ya michezo: nani achaguliwe kuvaa jezi ya timu, na kwa kipimo gani. Kila mashindano makubwa yanapokaribia, vijana wetu hapa Buyenzi hubishana vibarazani mpaka adhana inawakuta. Huyu anasema fulani aitwe timu ya taifa kwa sababu watu wote wanampenda. Yule anasema fulani asiitwe kwa sababu hana jina. Zamani nilikuwa nikiwapita na kuwaambia waache upuuzi waende kuswali. Siku hizi huwasikiliza kidogo kabla ya kuwaambia waende kuswali, kwa sababu jambo hili limenifunza somo ambalo sikulipata vitabuni, na nililipata kwa aibu.

Kura ya mikono

Ni miaka tisa sasa. Madrasa kadhaa za mjini kwetu Bujumbura zilikubaliana kuandaa mashindano ya mpira baada ya Idi, ili watoto wakutane na kufahamiana. Kila madrasa ilete wachezaji kumi na mmoja na wa akiba watano. Mimi nilikuwa na vijana ishirini na watatu waliotaka kucheza, kwa hiyo saba walikuwa lazima wabaki nje.

Nafasi nyingi hazikuwa na taabu. Taabu ilikuwa kwa golikipa. Walikuwepo wawili. Wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, msemaji, rafiki wa kila mtu. Baba yake ndiye aliyetununulia jezi na mipira miwili, Allah amlipe kheri. Wa pili alikuwa kijana mkimya wa miaka kumi na mitatu. Mama yake aliuza ndagala sokoni, naye alikuwa akimsaidia kubeba mzigo asubuhi, ndiyo maana mara nyingi alifika darasani amechelewa na nguo zake zina harufu ya samaki. Watoto wenzake walimtania kwa harufu hiyo. Lakini akisimama golini, mpira haupiti. Mimi nilikuwa nimemtazama miezi mingi, na nilijua.

Siku ya kuchagua, nilifanya jambo ambalo niliona ni la busara na la kisasa. Niliwaambia watoto, "Tutapiga kura. Mnyooshee mkono mnayemtaka." Mikono ikanyooka. Kijana mchangamfu alipata kumi na tisa. Yule wa ndagala alipata miwili, na mmoja katika hiyo ulikuwa wake mwenyewe.

Nilisema, "Haya, wengi wape." Tukasoma dua, tukatawanyika. Yule kijana sikumweka hata katika wale watano wa akiba, kwa sababu nafasi hizo nazo zilipigiwa kura.

Sasa, ndugu msomaji, huenda unangoja niseme kwamba tulifungwa mabao mengi na Allah akatuonyesha kosa letu. Hapana. Tulishinda kikombe. Yule golikipa mchangamfu alicheza vizuri tu, hakufanya kosa kubwa, na mimi nikapongezwa na wazazi kwamba ustadhi anajua kupanga timu. Nilikaa na furaha hiyo wiki moja hivi.

Kisha mama muuza ndagala akaja mlangoni kwangu baada ya swala ya Alasiri. Akanisalimu kwa heshima, akaniambia mwanawe amekataa kurudi chuoni. Nilijibu haraka haraka kwamba mpira ni mchezo tu, kijana asiupe uzito, kinachomleta chuoni ni Qur'ani. Mama yule aliniangalia, akasema, "Ustadhi, mwanangu hakulia kwa ajili ya mpira. Anasema wenzake hawakujua kitu, wao ni watoto. Amelia kwa sababu wewe ulijua."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Umaarufu si dhambi, lakini si kipimo

Nilirudi kwenye vitabu vyangu, si kwa kutafuta hoja ya kumjibu mama yule, bali kwa kutafuta niliteleza wapi. Nilikuta kwamba mambo ambayo nilikuwa nikiyasomesha kila mwaka, sikuwa nimeyasikia mwenyewe.

Katika Suratul Baqarah, aya ya 246 na 247, Allah anatupa kisa cha Bani Israil waliotaka kiongozi wa vita. Alipochaguliwa Talut walipinga. Hoja yao haikuwa kwamba hajui kupigana. Walisema hakupewa mali nyingi, na kwamba wao wanastahili zaidi. Wakajibiwa kwamba Allah amemzidishia ujuzi na nguvu za mwili. Tazameni hapo, enyi wanafunzi. Watu walitazama jina na mfuko. Allah akawaelekeza watazame kile ambacho kazi yenyewe inakihitaji.

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alipompendekezea baba yake amwajiri Musa (A.S.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hakusema ni kijana anayependwa. Hata asingeweza kusema hivyo, maana Musa alikuwa mgeni aliyekimbia nchi yake, hana mtu anayemjua.

Na yuko Abu Dharr (R.A.). Huyu alikuwa Swahaba mpendwa, mkweli, mwenye zuhdi. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe uongozi, na Mtume akamweleza kwa upole kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo, na kwamba uongozi ni amana. Hapa pana funzo zito. Mtume (S.A.W.) alimpenda Abu Dharr, na kumpenda hakukumfanya ampe kazi isiyomfaa. Sisi tunadhani kumpenda mtu na kumpa nafasi ni kitu kimoja.

Upande wa pili yuko Usama bin Zayd (R.A.), kijana ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 20 alipowekwa kuongoza jeshi lililokuwa na wazee wenye majina makubwa. Watu walinong'ona. Mtume (S.A.W.) akasimama akawajibu kwamba waliwahi kumpinga baba yake pia kabla yake, na kwamba baba alistahili na mwana anastahili.

Lakini kisa kilichonichoma zaidi ni cha vijana wawili kabla ya vita vya Uhud. Vitabu vya Sira vinasimulia kwamba vijana wadogo walirudishwa kwa umri wao. Rafi' bin Khadij aliruhusiwa baada ya kuelezwa kwamba ni mpiga mishale hodari. Samura bin Jundub, aliyekuwa amerudishwa, akalalamika kwamba yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Basi wakaambiwa wapigane mieleka. Wakapigana, Samura akamwangusha mwenzake, naye akaruhusiwa.

Ndugu zangu, hayo ni majaribio. Kijana alidai haki yake, na hakuambiwa anyamaze, wala hakuambiwa akatafute wa kumwombea. Aliambiwa aonyeshe. Mimi sikumpa mwanafunzi wangu hata nafasi ya kuonyesha.

Dunia ya michezo inatufundisha nini

Baada ya hapo nilianza kufuatilia namna mataifa yanavyochagua wanamichezo wao, na nikaona wao pia wanahangaika na swali hili hili.

Jirani zetu Wakenya, mwaka 1992, walikuwa na bingwa wa dunia wa mita 3000 kuruka viunzi na maji, Moses Kiptanui, aliyetwaa taji lake Tokyo mwaka 1991. Jina lake lilikuwa kubwa. Lakini baada ya majaribio ya taifa hakuwemo katika timu ya Olimpiki ya Barcelona. Waliokwenda ni Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol, nao walirudi na dhahabu, fedha na shaba, zote tatu za Kenya. Na Kiptanui? Agosti mwaka huo huo, baada ya Olimpiki, alivunja rekodi ya dunia ya mita 3000 na rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji, zote mbili ndani ya siku chache. Maana yake alikuwa bora kweli. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema wale watatu walipewa nafasi kwa upendeleo.

Marekani mwaka huo huo walipata mtihani mkubwa zaidi. Dan O'Brien alikuwa bingwa wa dunia wa dekathloni, yaani michezo kumi kwa siku mbili. Kampuni ya viatu ya Reebok ilikuwa imemtangaza nchi nzima katika televisheni pamoja na mwenzake Dave Johnson, kana kwamba wameshafika Barcelona. Katika majaribio ya New Orleans, O'Brien alijaribu kuruka kwa fimbo mara tatu kwenye mita 4.80 na mara zote tatu akashindwa. Hakupata hata pointi moja katika mchezo huo, na akaikosa timu. Matangazo yote yale hayakumsaidia kitu. Kwao, wa kwanza watatu wa majaribio waliofikia kiwango ndio wanaokwenda. Mwaka huo huo wa 1992, mwezi Septemba, aliweka rekodi ya dunia ya pointi 8891, na mwaka 1996 akachukua dhahabu ya Olimpiki Atlanta. Aliumia, akangoja, akarudi kwa mlango ule ule wa majaribio.

Wanafunzi wangu nilipowasimulia haya, mmoja akasema, "Ustadhi, basi majaribio yawe kila kitu, mambo yaishe." Nikamwambia subiri, maana haki haiji kirahisi hivyo. Nikamsimulia marathoni ya mwaka 2012. Kenya ilikuwa na Patrick Makau, mwenye rekodi ya dunia ya saa 2:03:38 aliyoiweka Berlin mwaka 2011. Ilikuwa pia na Geoffrey Mutai, aliyekimbia Boston mwaka 2011 kwa saa 2:03:02, muda ambao haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu ya namna njia ile ilivyo. Wote wawili waliachwa. Hapo hapakuwa na mbio moja ya kuamua, wakuu walikaa wakateua. Walioteuliwa nao hawakuwa watu wa kubahatisha: Abel Kirui alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, na Wilson Kipsang alikuwa ametoka kushinda London mwezi Aprili. Siku ya Olimpiki Kirui alipata fedha na Kipsang shaba. Dhahabu ilichukuliwa na Mganda Stephen Kiprotich kwa saa 2:08:01, na hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972.

Je, Makau angeshinda? Hayupo awezaye kusema. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba ustahiki wenyewe una sura nyingi. Yuko mwenye muda mzuri kuliko wote, yuko aliyezoea kushinda mashindano ya mataifa, yuko aliye katika hali nzuri wiki ile. Watu waadilifu wanaweza kutofautiana. Ndiyo maana kipimo ni lazima kitangazwe kabla, si baada. Mtu aliyeachwa kwa kipimo alichokijua ataumia, lakini hatajiona amedhulumiwa. Na mtu aliyeachwa bila kuelezwa sababu atatafuta sababu mwenyewe, na mara nyingi atapata ile mbaya kabisa.

Kijana wetu wa Burundi

Siwezi kuzungumza habari hii nisimtaje Vénuste Niyongabo.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wale wa rika langu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vilikuwa vinaendelea, na tarehe 25 Julai serikali ilipinduliwa. Mitaa mingi ya mji ilikuwa imegawanyika. Buyenzi yetu, Alhamdulillah, watu wa makabila yote waliendelea kuishi na kuswali pamoja, lakini usiku kila mtu alikuwa ndani kwake, masikio kwenye redio. Katika siku hizo ndipo Burundi iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza katika historia yake, huko Atlanta.

Niyongabo alikuwa hodari wa mita 1500. Mwaka 1995 alikuwa wa tatu duniani katika mbio hizo, nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco. Hizo ndizo mbio zake, na jina lake lilikuwa hapo. Lakini alikuwepo mwenzake aliyemtangulia, Dieudonné Kwizera, ambaye Olimpiki za mwaka 1988 na 1992 zilimpita kwa sababu tu nchi yetu haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1500, yeye akaingia mita 5000, mbio alizokuwa amezikimbia mara chache sana.

Tarehe 3 Agosti alishinda kwa dakika 13:07.96, mbele ya Paul Bitok wa Kenya na Khalid Boulami wa Morocco. Huku kwetu habari ilitufikia wakati dunia ya huko ni usiku na sisi tunakaribia Alfajiri. Baba yangu alituamsha. Nakumbuka jirani yetu akigonga ukuta na kuuliza, "Mmesikia? Mmesikia?" Katika wiki ile, hiyo ilikuwa habari njema peke yake. Ilipita miaka 20 kabla ya Burundi kupata medali nyingine ya Olimpiki, ile ya fedha ya Francine Niyonsaba katika mita 800 mwaka 2016.

Huwauliza wanafunzi wangu: je, Kwizera alistahili nafasi ile? Kwa saa ya mkononi, Niyongabo alikuwa na kasi zaidi katika mita 1500, na Kwizera hakufika fainali. Basi ilikuwa dhuluma? Huwaacha wabishane. Kisha huwaambia kwamba hapa hapakuwa na mtu aliyenyang'anywa. Mwenye haki mwenyewe aliitoa haki yake kwa hiari. Hiyo tunaiita ithaar, kumtanguliza mwenzako. Kocha au mwalimu hana ruhusa ya kufanya ithaar kwa kutoa haki ya mtu mwingine. Mimi nilitoa nafasi ya mtoto wa muuza ndagala, ambayo haikuwa yangu, na nikaiita kura.

Vipi kuhusu shura?

Mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye akili sana, aliniuliza, "Ustadhi, si wewe unatufundisha kwamba mambo yetu ni kwa kushauriana? Sasa kura ina kosa gani?"

Swali zuri, na sikulijibu siku hiyo. Nililijibu baada ya kufikiri. Shura ni kumwuliza mtu ili akusaidie kuona usichokiona. Mimi sikuwauliza watoto nani anadaka vizuri. Niliwauliza wanamtaka nani. Haya ni maswali mawili. Tena nilikuwa nimeshaona, na nilitumia mikono yao kujificha. Ningemchagua mwenyewe yule wa mwenye jezi, watu wangesema ustadhi anajipendekeza kwa tajiri. Ningemchagua yule wa ndagala, nilimwogopa baba wa jezi. Kura ilinitoa katika hofu zote mbili, na mzigo ukamwangukia mtoto.

Na wengine huniambia kwamba kupendwa nako ni sifa, timu inahitaji umoja. Kweli. Mchezaji anayegombana na kila mtu anaweza kuivunja timu, na kocha ana haki ya kulitazama hilo. Lakini angalieni asiyependwa hapendwi kwa nini. Akiwa hapendwi kwa sababu ni mkorofi, hilo ni lake. Akiwa hapendwi kwa sababu nguo zake zina harufu ya kazi ya halali ya mama yake, basi hilo ni letu, na dawa yake ni kuwafundisha wale wanaomcheka.

Suratun Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu. Nilikuwa nikiifasiri kwa fedha, ardhi na vyeo vya serikali. Sikuwahi kufikiri kwamba nafasi ya golikipa wa madrasa ni amana.

Tunavyofanya sasa

Nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Mara ya kwanza hakutoka ndani. Mara ya pili alitoka, akanisikiliza akiangalia chini. Nikamwomba msamaha. Kisha nikamwomba tena mbele ya darasa zima, nikawaeleza watoto kwamba mimi ndiye niliyekosa, si wao. Baada ya majuma kadhaa alirudi kusoma. Mpira wa madrasa hakucheza tena. Nilimbembeleza, akakataa kwa adabu. Hiyo ni haki yake, na mimi sikuwa na la kusema.

Tangu hapo tuliweka utaratibu, na nauandika hapa kwa faida ya walimu wenzangu na wazazi wenye timu za mitaa:

Kwanza, kipimo kinatangazwe mwezi mmoja kabla: kitakachotazamwa ni nini, na nani atakayetazama.

Pili, majaribio yawe siku mbili na kwa nyakati mbili tofauti, ili mtoto anayefanya kazi asubuhi naye apate nafasi. Kipimo cha haki kinachowekwa saa ambayo maskini hawezi kufika si cha haki.

Tatu, watazamaji wawe watatu, na mmoja atoke nje ya madrasa yetu. Mwenye ndugu au mwana katika majaribio asimpime huyo.

Nne, atakayeachwa aitwe peke yake aelezwe sababu, na aelezwe afanye nini mwakani. Asikie kutoka kwa mwalimu, si kwa kuchekwa na wenzake.

Tano, mwenye kutoa jezi ashukuriwe na aombewe dua, na iishie hapo.

Si utaratibu mkamilifu. Tumeshakosea ndani yake, na tumelaumiwa. Lakini mtoto akija kuniuliza kwa nini ameachwa, sasa ninalo jibu la kumpa huku namtazama usoni.

Mtihani ulipofika nyumbani kwangu

Mwaka huu mwanangu wa kiume ametimiza miaka kumi na miwili, naye alijitokeza kwa majaribio. Anapenda mpira kuliko chakula. Tena anapendwa, kwa sababu ni mtoto wa ustadhi, na watoto wengine wanadhani ukiwa rafiki yake utasamehewa kuchelewa. Ingekuwa kura ya mikono, angeingia wa kwanza.

Mimi nilikaa pembeni siku zote mbili. Jina lake halikutoka. Usiku ule hakula. Mama yake alinitazama, akaniambia taratibu, "Baba, kweli hata kwenye akiba?" Nikamwambia wako waliomzidi. Akasema, "Najua. Lakini ni mwanao."

Hapo ndipo nilipoielewa Suratun Nisaa, aya ya 135, tunayoamrishwa tusimamie uadilifu hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Ni rahisi kuisomesha. Kuibeba mbele ya sahani ya chakula ambayo mtoto hakuigusa ni jambo jingine.

Asubuhi mwanangu aliitwa kuelezwa sababu zake, kama wengine. Aliyemweleza ni yule mtazamaji wa nje ya madrasa, kijana mwenye umri wa miaka ishirini na mbili sasa, ambaye kila mwaka tunamwomba aje kwa sababu hakuna anayelijua goli kama yeye. Bado asubuhi humsaidia mama yake sokoni. Nilimwona kwa mbali amechuchumaa ili walingane na mwanangu, anamwonyesha kwa mikono namna ya kusimama. Walikaa hivyo kitambo kirefu.

Mwanangu aliporudi nilimwuliza ameambiwa nini. Akasema, "Ameniambia niko polepole upande wa kushoto. Amesema kila Jumamosi jioni nikija atanifundisha." Kisha akauliza kama kuna chakula kilichobaki.

Ewe Allah, tupe macho ya kuona haki, na moyo wa kuitoa inapokuwa nzito kwetu. Wasamehe walimu wanaokosea, na uwape watoto wetu subira na bidii. Amin.

Wabillahi Tawfiq.